Kustaafu Uingereza ukarudi kuishi Bongo: maswali ninayoulizwa kila siku

Mi nilitoka Tanga mwaka 2000, nikakaa Uingereza miaka 22, muda mwingi nilikuwa nahudumia wazee majumbani, na 2022 nilipofikisha miaka 66 nikafunga mizigo nikarudi. Tangu hapo simu haipoi. Wenzangu waliobaki wananipigia usiku, wadogo zangu wananiandikia wasap, na maswali ni yaleyale, kwaiyo nimeona niyaandike sehemu moja. Nimeandika kwa Mtanzania aliyeko Uingereza kwa sababu ndo ninakokujua. Wa Marekani na wa Kenya nao nimewagusa kidogo humo humo.

Shikamoo mama, mimi nimezaliwa Muhimbili, wazazi wangu wamezikwa hapa, kwa nini naambiwa ni mgeni?

Marahaba mwanangu. Kwa sababu ulichukua uraia wa Uingereza. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ukila kiapo cha kule basi wa huku umeondoka, hata kama paspoti ya zamani bado iko kabatini na haijaisha muda. Watu wengi hawalielewi hili mpaka wafike dirisha la uhamiaji pale uwanja wa ndege, wanalipa viza dola 50 kama mtalii, wanagongewa siku 90, na hapo ndo machozi yanawatoka. Mi yalinitoka, sioni aibu kulisema.

Viza ya matembezi haitoshi kuishi. Mimi niliomba kibali cha ukaazi daraja C, ambacho kinahusu wastaafu pamoja na wanafunzi na watu wa kujitolea, na kina muda wake, lazima ukihuishe kabla hakijaisha. Kama mume au mke wako bado ni Mtanzania kuna njia ya kuishi kama mtegemezi wake. Alafu mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya uhamiaji na ya ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalum. Hii sio uraia pacha, hupigi kura wala hugombei, lakini kwa mtu anayetaka tu kuja kukaa kwao kwa amani ni hatua kubwa na mi nimeifurahia mno. Kabla hujakata tiketi ongea na ubalozi uulize masharti na fomu za wakati huo. Usitegemee cha kuambiwa kwenye harusi.

Majirani zetu Wakenya wamepumzika na hili tangu katiba yao ya 2010, aliyezaliwa raia anaweza kuwa na pasi zote mbili.

Na kama sikubadilisha paspoti, nina ile indefiniti tu, yaani ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo?

Basi wewe unaingia nyumbani kwako kama mwenyewe, hamna viza hamna kibali. Shida yako iko upande wa pili. Ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo ile haki ya kuishi kule inapotea, na kuirudisha ni kuomba viza upya na kujieleza. Kama una watoto na wajukuu kule, liwaze hili mapema. Kuna dada mmoja alikuja kuuguza mama yake, mwaka ukapita, wa pili ukapita, mama akafariki, kugeuka nyuma mlango umefungwa na watoto wamebaki Slough, Uingereza.

Wenye grinikadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu cha Marekani, ni hivyohivyo na wao muda wao ni mfupi zaidi, mwaka mmoja tu nje unatosha kuleta matatizo.

Pensheni yangu ya serikali itanifuata huku?

Itakufuata. Pensheni ya serikali ya Uingereza inatokana na miaka uliyochangia bima ya taifa ya kule (National Insurance), haijali pasi yako ni rangi gani. Hata ukiukana uraia wa Uingereza ukachukua tena wa Tanzania, ile hela ni jasho lako na inaendelea kuja. Unatakiwa uwe na miaka 10 ya michango ndo upate chochote, na miaka 35 ndo upate kamili. Mimi nilikuwa nayo 22. Umri ni 66 kwa tuliotangulia, na kuanzia 2026 unapanda kidogokidogo mpaka kufika 67 mwaka 2028, kwaiyo angalia tarehe yako wewe, usiangalie ya shoga yako.

Kabla hujaondoka ingia kwenye tovuti ya serikali yao uangalie umechangia miaka mingapi na mingapi imepungua. Mingine unaweza kuilipia, kawaida wanakuruhusu kurudi nyuma miaka 6. Kwa mtu mwenye miaka 8 au 9 hii ndo hela ya kwanza kuitumia, kabla ya tofali hata moja.

Yale marupurupu mengine hayasafiri. Ile nyongeza ya wenye kipato kidogo, ya kupashia nyumba joto, ya kumhudumia mzee, yote unayaacha pale ukihamia Tanzania moja kwa moja. Marekani pia, pensheni yao ya kuchangia inalipwa huku kwa raia wao, ila ule msaada wa maskini unakatika ukishakaa nje siku 30.

Nimesikia pensheni inaganda, hiyo ni kweli au maneno ya watu?

Ni kweli kabisa, na hili ndo jambo ninaloomba mlisome mara mbili. Uingereza inawapandishia pensheni kila mwaka wastaafu waliobaki kule, wanaangalia bei za vitu, mishahara, au asilimia 2.5, kilichozidi ndo wanakichukua. Waliohamia Ulaya wanapandishiwa, na waliohamia nchi zenye makubaliano nao, Marekani imo. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Kiwango ulichoanza nacho siku ya kwanza huku ndo hichohicho mpaka unaingia kaburini.

Tuweke namba. Nilipoanza mimi 2022 pensheni kamili ilikuwa pauni 185.15 kwa wiki. Kwa miaka yangu 22 nikapata 116 na ushee. Aprili 2025 kamili ilifika pauni 230.25, yaani mwenzangu mwenye miaka 22 kama mimi aliyeanza mwaka huo alianza na kama 144. Mimi bado 116. Ni miaka mitatu tu hiyo. Sasa chukua mzee aliyerudi 2010 na pensheni ya msingi ya zamani, wakati ule ilikuwa 97.65 kwa wiki, anapokea 97.65 leo hii wakati wa rika lake waliobaki kule walishafika 176.45 mwaka 2025. Hata mkaa wa 2010 huwezi kuulinganisha na wa sasa.

Kwaiyo ukipiga hesabu ya maisha usiseme "naishi vizuri kwa hela hii", sema nitaishije kwa hela hii nikiwa na miaka 80. Kama una pensheni ya kazini iache ikae mpaka pale utakapoihitaji, na ukiichukua usichukue yote ukamwaga kwenye zege. Wengine wanachelewesha kurudi mwaka mmoja au miwili ili waanzie juu. Na ukija kurudi Uingereza kuishi moja kwa moja, wanakupandishia mpaka kiwango cha wakati huo, lakini hilo ni la mtu mwenye pa kufikia.

Hela yenyewe inaingiaje?

Unachagua ikuingilie kila wiki 4 au kila wiki 13, kwenye benki ya kule au ya huku. Mi nimeacha iingie kule alafu naivuta mwenyewe kwa programu ya simu pauni ikiwa juu, nabadilisha shilingi, sehemu inaenda benki na sehemu kwenye simu kwa matumizi ya sokoni. Ila benki zingine za kule zikijua umehama zinafunga akaunti, waulize kabla, na uwe na mbili.

Alafu kuna ile fomu ya kuthibitisha kwamba uko hai. Inakuja kwa posta, inatakiwa isainiwe na shahidi wanayemkubali wao na irudi ndani ya wiki 16, la sivyo wanasimamisha malipo. Posta zetu mnazijua. Weka anwani ya sanduku linalofunguliwa kila wiki, sio sanduku la shule aliyokuwa anafundisha baba mdogo. Mi ya kwanza ilinipita, nikakaa bila hela miezi, nikapiga simu za kimataifa mpaka sauti ikakauka.

Kodi je?

Hapa nakuwa mfupi kwa sababu kila mtu na hesabu yake, tafuta mhasibu anayejua pande zote mbili. Kenya wana mkataba na Uingereza wa kuzuia mtu asitozwe mara mbili, sisi na Uingereza hatuna, kwaiyo usiige alichofanya rafiki yako wa Mombasa. Raia wa Uingereza anabaki na kile kiwango kisichotozwa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka, hata akiishi nje.

Nyumba yangu ya kule niuze au nipangishe?

Ukipangisha, wakala au mpangaji anatakiwa kukata asilimia 20 ya pango kama kodi ya serikali yao kabla ya kukutumia, mpaka uombe upewe ruhusa ya kupokea bila kukatwa. Ukiuza ukiwa tayari unaishi huku, una siku 60 tu za kuripoti mauzo kwa mamlaka ya kodi yao, hata kama hudaiwi kitu. Mwenye moyo wa kuijaribu Bongo kwanza mi namwambia asiuze mwaka wa kwanza.

Nyumba ya kaunsili, ile unayopangishwa na halmashauri ya kule, ni habari nyingine. Ile sio yako kaka yangu. Kumwachia mtu akulipe huku jina ni lako ni kosa la jinai tangu sheria yao ya 2013, na kuna watu wamefikishwa mahakamani. Rudisha funguo.

Nijenge kabla sijarudi au nikishafika?

Nikishafika. Hili nalisema kwa uchungu. Mimi nilinunua kiwanja nikiwa kule kwa kupitia dalali na ndugu wa damu, nikatumiwa picha, nikatumiwa video ya msingi, nikatuma hela ya nondo, ya sementi, ya fundi, miaka minne. Nilipofika nikakuta kiwanja kipo na msingi upo, ila kiwanja kimeuzwa kwa watu wawili na mwenzangu ndo mwenye karatasi zenye nguvu. Sikumfikisha ndugu yangu popote, lakini ile hela ilikuwa ni mgongo wangu, ni zamu za usiku za miaka.

Kwanza kabisa, kama huna uraia wa Tanzania sheria ya ardhi ya 1999 haikuruhusu kumiliki ardhi kama raia, labda kwa uwekezaji kupitia mamlaka zinazohusika. Ndo maana hayo marekebisho ya hadhi maalum yakagusa na ardhi. Wengi tuliandikisha majina ya wadogo zetu. Angalia hatari yake: siku mdogo wako akifariki kile kiwanja ni mirathi yake, mkewe na watoto wake ndo warithi, na wewe uliyekilipia huna pa kusimama. Wakenya wao asiye raia anapewa upangaji usiozidi miaka 99, katiba yao imeandika hivyo.

Pili, panga nyumba mwaka mzima. Mwaka mzima, sio miezi mitatu ya kiangazi. Uone masika, uone njia inapitika au la, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, umeme unakatika mara ngapi, muziki wa baa ya jirani unaishia saa ngapi. Mwenye nyumba akikutajia kodi kwa dola mkumbushe kwamba tangu mwezi wa tatu 2025 kanuni zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni hapa ndani, atakutajia shilingi. Ukiridhika na mtaa ndo uende serikali ya mtaa, uongee na mjumbe na majirani wa pande zote nne, ufanye upekuzi rasmi wa hati ofisi ya ardhi, na malipo yapite benki mbele ya wakili. Picha za wasap sio ushahidi wa chochote.

Na ukijenga jenga nyumba ya mzee. Watu wanarudi na miaka 65 wanajenga ghorofa lenye ngazi za marumaru, magoti yakianza wanahamia chumba cha wageni chini. Mlango mpana, choo cha kukaa chenye mahali pa kushika, simtenki kubwa, na sola yenye betri ya kutosha friji na feni.

Nataka kufungua saluni au kaduka ka kujishikiza, inawezekana?

Kama uko kwa pasi ya nje, simama hapohapo kwanza. Mwezi wa saba 2025 ilitoka amri inayozuia wasio raia kufanya biashara 15, na humo kuna rejareja na jumla, saluni, uwakala wa kutuma hela kwa simu, ufundi simu, udalali wa nyumba na viwanja, kuongoza watalii, kununua mazao shambani. Adhabu yake ni faini, kifungo na kufutiwa kibali. Na kibali cha ukaazi cha mstaafu sio cha kufanyia kazi. Najua inauma kuambiwa huwezi kuuza khanga mtaani kwenu ulikozaliwa, lakini bora uumie sasa kuliko ukiwa umeshalipa pango la mwaka.

Kontena linalipiwa ushuru?

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe anayehamisha makazi kwa vitu vyake vya nyumbani alivyotumia, na gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12. Tunza risiti, kadi ya gari na barua za kuonyesha uliishi kule. Mizigo inatakiwa kufika ndani ya siku 90 tangu ufike wewe, ukichelewa uombe kuongezewa muda kwa maandishi. Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii. Mimi ushauri wangu leta godoro zuri, vyombo unavyovipenda na vifaa vya afya. Makochi yanatengenezwa Keko mazuri tu.

Nikiumwa?

Swali hili lilinichelewesha mimi kurudi miaka miwili. Ukihama moja kwa moja ile hospitali ya bure ya Uingereza sio yako tena, ukija kutembea unatibiwa dharura pale mapokezi ya ajali, ila ukilazwa bili ya mgeni inaweza kufika asilimia 150 ya gharama yenyewe. Ukirudi kuishi kabisa unahesabiwa mkazi kama zamani. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, nayo hailipi hospitali za huku.

Kwaiyo bima. Itafute ukiwa bado na miaka 60 kurudi chini, kwa sababu makampuni mengi hayapokei mwanachama mpya mzee, na soma vizuri sehemu ya maradhi uliyokuja nayo. Wengi wetu tunarudi na presha na sukari. Dawa za kawaida za presha na sukari zinapatikana famasi zetu, ila njoo na za miezi kadhaa pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, sio la kampuni, maana huku kampuni ni nyingine. Anayechoma insulini afikirie friji wakati umeme umekatika.

Kaa karibu na hospitali. Mimi hapa Tanga nina Bombo, likizidi naenda KCMC Moshi au Dar, moyo ni Taasisi ya Jakaya Kikwete, saratani ni Ocean Road. Wanaotaka kujenga kijijini kwa babu nawaelewa, kijiji kina utamu wake, ila piga hesabu ya masaa kwenye gari ukiwa umebanwa na kifua saa nane usiku.

Na malaria. Mwili uliokaa Ulaya miaka ishirini umesahau kupigana nayo, na wajukuu waliozaliwa kule hawajawahi kuijua kabisa. Lala kwenye chandarua, homa ikianza kapime siku hiyohiyo, usinywe panado ukangoja.

Ndugu wakiomba hela nifanyeje shangazi?

Wataomba, na wengi wao wana shida za kweli. Mi mwaka wa kwanza nilimaliza akiba ya miaka mitatu kwa ada, misiba, pikipiki na mitaji. Sasa hivi nimetenga kiasi cha mwezi, kikiisha kimeisha, nasema "mwezi huu sina mwanangu, nikumbushe tarehe tano". Ada nalipa shuleni moja kwa moja. Walionielewa wamebaki, walionuna wamerudi taratibu. Usitaje kwa mtu kiasi cha pensheni yako, hata kwa unayempenda.

Upweke je? Watoto wote wamebaki kule.

Upo, na mwaka wa pili ndo mkali kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza kila siku unatembelewa. Marafiki wa ujana wengine wamekufa, wengine mmeachana mazungumzo. Mimi kimenisaidia kikundi cha wanawake cha hapa mtaani, tunaweka na kukopa, tunazikana, na kila jioni natembea mpaka Raskazone nikiona watu wanarudi kwa baiskeli. Jiunge na kitu kabla hujaanza kujifungia ndani. Na weka hela ya nauli ya kwenda kuona wajukuu pembeni kabisa, isiguswe hata paa likivuja.

Samahani kwa swali hili mama, na nikifa?

Usiombe samahani, ndo swali la mtu mzima. Andika wosia wa mali za huku kwa wakili wa huku, na wa mali za kule kwa sheria za kule. Waislamu wenzangu, andikeni na madeni na amana, msiwaachie watoto wabishane na kadhi. Sema wazi unazikwa wapi, maana kusafirisha maiti baina ya nchi hizi mbili ni hela inayoweza kumaliza familia. Watoto wajue kwamba pensheni inasimama siku ile, waitaarifu ofisi ya pensheni mapema kwa sababu hela itakayoendelea kuingia itadaiwa irudishwe. Mimi nimeandika kwenye daftari moja namba yangu ya bima ya taifa, akaunti zote, namba ya bima ya afya, jina la wakili na hati ilipo, daftari liko kwa binti wa dada yangu hapa Chumbageni, na picha ya kila ukurasa anayo mwanangu mkubwa kule.